Besi ya Fundi Redio

Mtu aliyebuni gitaa la besi kama tunavyolijua leo hakujua kupiga gitaa. Alikuwa fundi redio. Nataka tukae na jambo hilo kwa muda tulionao. Nikiulizwa kwa nini wanamuziki wa roki wanaopanda jukwaani wiki baada ya wiki, London na Los Angeles, bado wameshikilia besi iliyobuniwa kabla wengi wetu hatujazaliwa, jibu langu linaanzia kwenye meza ya fundi huyo na linafika mpaka kwenye meza ya fundi redio wa soko la Mwanga, hapa Kigoma.

Jina lake Leo Fender. Mwaka 1938 alifungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton, California, huko Marekani. Waliomjia walikuwa watu wa kawaida wenye redio zilizonyamaza, na pamoja nao wanamuziki waliobeba amplifaya na magitaa yaliyowafia kazini. Fundi anayesikiliza malalamiko ya wateja kwa miaka zaidi ya kumi huishia kujua kila kitu kinaharibikia wapi. Na waliokuwa na shida kuliko wote walikuwa wapiga besi. Besi ya wakati ule ni ile kubwa ya mbao inayosimama, ndefu kuliko mpigaji, ambayo mpaka leo utaiona Zanzibar kwenye kundi la taarabu kama Culture Musical Club. Ni chombo kitamu sana, lakini ngoma na tarumbeta zikipamba moto hakisikiki, na kukisafirisha ni mtihani. Wenzetu wa kidumbaki kule Unguja waliona njia yao wenyewe: sanduku la chai, mti mmoja na uzi mmoja, na harusi inachezeka mpaka watu wanachoka.

Mwaka 1951 Fender akatoa jibu lake, akaliita Precision Bass, kwa sababu shingo yake ilikuwa na vyuma vya kugawa sauti. Ukibonyeza nyuma ya chuma unapata sauti yenyewe, hubahatishi. Urefu wa uzi unaotetemeka ni inchi 34, yaani sentimita 86 na kidogo, na kipimo hicho ndicho kinachofuatwa na besi nyingi duniani mpaka leo. Lakini mimi napenda zaidi skrubu zake nne. Mafundi wa magitaa wa Ulaya walikuwa wakigandisha shingo kwa gundi, na ikipinda, chombo kimekwisha au kinahitaji bingwa. Fender aliifunga shingo kwa skrubu nne nyuma ya mwili wa gitaa. Ikipinda, unafungua, unafunga nyingine. Hayo ni mawazo ya mtu aliyezoea kufungua vitu na kuvirudisha. Mwaka 1957 akaibadilisha pikapu, yaani sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi, na hilo nitalirudia. Mwaka 1960 akaleta ndugu yake, Jazz Bass, yenye pikapu mbili na shingo nyembamba kwa mtu mwenye vidole vyepesi. Mwaka 1965 kampuni yake ikanunuliwa na CBS, shirika la utangazaji, kwa dola milioni 13, na besi zilizotengenezwa kabla ya mauzo hayo leo zinauzwa kwa bei ya gari.

Sasa tazama waliozishika. Freddie Mercury, mtoto wa Unguja aliyezaliwa mwaka 1946, aliimba na bendi ya Queen, na nyuma yake alisimama John Deacon, mtu mkimya ambaye kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya jukwaani alipiga Precision. Steve Harris wa Iron Maiden ni Precision. Dee Dee wa Ramones alipiga Precision. Sting anapanda jukwaani na Precision ya miaka ya 50 iliyochubuka rangi mpaka mbao inaonekana. John Paul Jones wa Led Zeppelin alipiga Jazz Bass ya mwaka 1962. Paul McCartney alikwenda njia nyingine, akanunua Höfner yenye umbo la fidla huko Hamburg mwaka 1961, kwa sababu ilikuwa rahisi na kwa kuwa pande zake mbili zinafanana, hivyo yeye mpiga mkono wa kushoto haikumkaa vibaya. Besi hiyo iliibwa mwaka 1972, ikatafutwa kwa miaka mingi, na mwaka 2024 dunia ikatangaziwa kwamba imerudi kwa mwenyewe. Mtu mwenye uwezo wa kununua kiwanda kizima cha besi alifurahia kurudishiwa kipande kimoja cha mbao.

Wako wanaosema haya yote ni mapenzi ya vitu vya kale. Sikubaliani nao. Wapiga besi wengi wanaokula kwa jasho la jukwaa hawana besi ya mwaka 1962, hawana fedha hizo. Wana besi mpya, iliyotengenezwa juzi Mexico, Indonesia au China, kwa ubunifu ule ule. Kwa hiyo kinachopendwa si umri wa mbao. Kinachopendwa ni namna chombo kilivyofikiriwa.

Siku moja nilikaa kwa fundi mmoja wa redio hapo Mwanga, akaja kijana wa kwaya na besi iliyonyamaza, mkutano wa injili ukiwa keshokutwa. Ilikuwa nakala ya Precision, rangi nyekundu, jina la kiwanda limeshafutika. Fundi akafungua skrubu za kibao cha plastiki kilicho mbele, akakigeuza, na sote tukachungulia. Ndani kulikuwa na volyumu mbili, moja ya sauti na moja ya kupunguza ukali. Kulikuwa na kapasita moja ndogo, nyaya chache, na tundu la kuchomekea. Basi. Vitu hivyo vyote fundi anavyo kwenye kopo lake la vipuri alivyovitoa kwenye redio zilizokufa. Akavuta waya mmoja kidogo, ukatoka wenyewe. Kumbe kiungo chake na tundu kilikuwa kimekatika kwa kuvutwa na kamba ya amplifaya. Akagusa na pasi ya kuchomelea, moshi kidogo, risasi ikashika. Akapuliza vumbi kwenye volyumu, akazizungusha kushoto na kulia mara kadhaa, akachomeka. Besi ikanguruma hata muuza nyanya wa jirani akageuka kutazama.

Angalia kitu kingine: hakuna betri. Umeme wa besi hii unazalishwa na mkono wa mpigaji. Chini ya nyuzi kuna pikapu: sumaku ndogo zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, unavuruga nguvu ya sumaku, na katika ule waya unatokea umeme kidogo sana unaocheza sawasawa na uzi. Umeme huo unapita kwenye volyumu, unatoka tunduni, unakwenda kukuzwa kwenye amplifaya. Dinamo ya baiskeli inafuata kanuni hiyo hiyo. Kwenye besi za kisasa wameongeza saketi ndogo ya kukuza sauti ndani ya gitaa, inayokula betri ya volti 9. Ikiwa nzima, inapendeza kweli: unaongeza besi, unaongeza ukali, unapamba utakavyo. Betri ikikata roho katikati ya wimbo, katika besi nyingi za namna hiyo unabaki na kimya. Na saketi ikiungua, fundi wetu anakuta ubao wa kijani wenye vipande vyeusi visivyo na jina, anaugeuzageuza, anamrudishia mwenye chombo. Nimeona besi nzuri za nyuzi tano zikining'inia ukutani kanisani kama mapambo, na ugonjwa wake ni kipuri ambacho hakipatikani upande huu wa reli.

Turudi kwenye mabadiliko ya 1957. Fender aliigawa pikapu vipande viwili, kimoja chini ya nyuzi mbili nene, kimoja chini ya mbili nyembamba, akaviunganisha kwa namna kwamba mvumo unaoingia kutoka kwenye umeme wa jirani unakutana na kinyume chake, vyote viwili vinafutana, sauti ya nyuzi inabaki. Kwa mtu wa studio tulivu hilo ni jambo dogo. Kwa Kigoma ni jambo kubwa. Kwa miaka mingi kabla ya umeme wa gridi ya taifa, mji wetu uliwashwa na majenereta ya dizeli, na hata sasa harusi nyingi za vijijini na mikutano ya uwanjani ni jenereta. Jenereta, taa za mrija, nyaya za spika zilizolazwa pamoja na nyaya za umeme: vyote hivyo vinaleta ule mvumo wa nyuki kwenye spika. Pikapu ya 1957 haiujali. Jazz Bass yenyewe inaufuta kama pikapu zote mbili zimefunguliwa sawasawa. Ukipunguza moja, mvumo unarudi. Mpigaji mzoefu anajua, mgeni anamlaumu mtu wa mitambo.

Halafu kuna sikio. Uzi mnene wa besi, ukipigwa wazi, unatetemeka mara 41 kwa sekunde. Redio unayonisikilizia sasa, kama ni ile ndogo ya mezani au ya kwenye simu, spika yake haiwezi kutoa sauti nzito kiasi hicho. Hata hivyo besi unaisikia. Unaisikia kwa sababu kila uzi ukitetemeka unatoa pia sauti za juu yake, mara 82, mara 123 na kuendelea, na ubongo wako unazikusanya na kujijazia ile ya chini iliyokosekana. Precision ina nguvu hasa kwenye sauti hizo za kati. Ndiyo maana ukumbini inapenya katikati ya magitaa ya roki yenye makelele bila kupandishwa sana, na ndiyo maana kwenye kispika kibovu bado unaifuata. Mkumbuke Tom Malanga wa Les Wanyika katika Sina Makosa, wimbo wa mwaka 1979. Mtu yeyote wa rika langu, hata asiyejua kuimba, ukimtajia wimbo ule anaanza na besi. Mkumbuke Mpudi Decca wa TPOK Jazz, aliyekuwa akitufikia kutoka ng'ambo ya ziwa usiku redio zikikamata vizuri. Nyimbo hizo wengi wetu tulizijua kwa spika ndogo, na besi haikupotea.

Nimetaja ng'ambo, na hapa lazima nikae kidogo, maana habari ya besi katika mji huu haitenganishwi na ziwa. Kigoma tumekaa mwisho wa reli iliyofika mwaka 1914, na mbele yetu ni Kalemie, Uvira, Baraka, na juu kule Bujumbura. Muziki wa Kongo haukuwa mgeni hapa. Watu, nguo, samaki na nyimbo vilipita njia moja. Tulikuwa na bendi yetu, Lake Tanganyika Jazz, na humo alipita Shem Karenga, mtoto wa Kigoma aliyekwenda kung'ara na Tabora Jazz, na tuliyempoteza Desemba 2014. Wapenzi wa dansi humtaja kama mwimbaji na mtunzi, na wanastahili kumtaja hivyo. Mimi ninaposikiliza nyimbo za Tabora Jazz sikio langu linakimbilia chini, kwenye nyuzi nne, zinazotembea polepole huku solo na rizim zikijibizana juu.

Vijana wa leo hawajui vyombo vilipatikanaje. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Mlimani Park ya mwaka 1978 ilianzishwa chini ya shirika la usafiri. Majeshi yalikuwa na bendi zao. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Ukihama bendi unahama na vidole vyako tu, besi inabaki kwa atakayekufuata. Na baada ya vita vya Kagera, fedha za kigeni zilipokuwa hazionekani, kuagiza besi mpya ilikuwa ndoto. Chombo kimoja kilipita mikono ya watu wengi, kikapigwa usiku baada ya usiku kwa miaka, kikabebwa kwenye malori barabara za vumbi. Chombo kinachohitaji bingwa wa ng'ambo kisingepona mwaka mmoja katika maisha hayo. Skrubu nne na volyumu mbili zilipona.

Nyuzi ndizo zilizotesa. Seti ya nyuzi za besi mpaka leo ni ghali, na hapa mjini si kila wakati utaipata. Kwa hiyo watu wanachemsha. Wale wasiojua wanacheka, lakini ni kazi ya maana: unafungua nyuzi, unazikunja taratibu zisivunjike, unazitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka, unaziacha dakika kadhaa. Maji yanageuka rangi ya chai nyepesi. Ni mafuta ya vidole, jasho na ngozi vilivyojaa katikati ya mizunguko ya ule waya wa nje. Unazitoa, unazikausha kwa kitambaa kabisa, la sivyo kutu, unazifunga. Sauti inarudi kung'aa kwa wiki chache. Wapigaji wa Ulaya wasio na fedha wanafanya hivyo hivyo. Upande wa pili yuko James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo za kampuni ya Motown ya Marekani kwa Precision ya mwaka 1962, ambaye alikuwa habadilishi uzi mpaka ukatike, na nyuzi zake zilikuwa za waya bapa kwa nje, zisizo na mikwaruzo. Alitaka sauti butu yenye joto, akaipata. Kila mtu na nyuzi zake.

Na roki yenyewe, je, ni ya mbali na sisi? Panda meli ufuate ziwa kusini. Kwa miaka mingi Liemba ilikwenda hivyo kutoka hapa bandarini mpaka Mpulungu, na Mpulungu ni Zambia. Nchi hiyo, miaka ya 70, ilikuwa na roki yake kamili: Witch, Amanaz, Musi-O-Tunya, Ngozi Family, vijana wengi wao kutoka miji ya migodi ya shaba, na magitaa yanayounguza. Besi ya Witch ilipigwa na Gedeon Mwamulenga, waliyemwita Giddy King. Bei ya shaba ilipoanguka, uchumi ukaanguka, na bendi zikafa. Miaka zaidi ya thelathini baadaye mwimbaji wao, Emmanuel Jagari Chanda, akaanza kualikwa kwenye majukwaa ya Ulaya na Marekani kwa nyimbo zile zile. Dar es Salaam nako kulikuwa na Sunburst, waliotoa albamu ya Ave Africa mwaka 1976, na mpiga gitaa wao, Hembi Flory Kongo, alikuwa mtu wa Kongo. Nairobi nako wametokea Parking Lot Grass na Murfy's fLaw. Roki imeshapita kwenye maji haya. Sisi hatukuipokea kwa wingi, basi.

Najua wapigaji wa makanisani wananisikiliza na wameshakunja uso. Wanasema: mzee, kwaya inaimba kwenye D, kinanda kinashuka chini, sebene inataka uzi wa tano, nyuzi nne hazitoshi. Wana haki. Uzi wa tano unakupa sauti ambazo nyuzi nne hazifiki, na mpigaji wa injili wa Kikongo anautumia kwa akili sana. Nisichokubali ni besi ya nyuzi tano ya bei ya chini. Uzi ule mnene unahitaji shingo imara na pikapu nzuri, na vitu hivyo haviji kwa bei ndogo. Ukiokoa fedha hapo, unapata uzi unaolegea kama kamba ya kuanikia na kutoa sauti isiyojulikana ni C au ni B. Kwa fedha zile zile ungepata nyuzi nne nzuri sana, na kwa wimbo unaotaka D ya chini unalegeza uzi mnene kidogo tu kabla ya kuanza.

Wasanii wakubwa wenye asili ya Kigoma, Alikiba na Diamond, walijulikana kwa nyimbo ambazo besi yake imetoka kwenye kompyuta, na kijana wa Mwanga anaweza kumaliza albamu nzima bila kugusa uzi. Sina ugomvi na kompyuta. Nasikitika kwa sababu moja: anayejifunza besi kwa kompyuta hajifunzi kusubiri wenzake. Mpiga besi halisi anamtazama mpiga ngoma mguuni. Anajua mwimbaji amechoka, anamshikia mahali mpaka apate pumzi. Hilo linafundishwa na chombo kizito cha kilo nne begani, saa nne mfululizo, si na kitu kingine.

Kwa hiyo kiongozi wa kwaya au mwenye ukumbi anayetaka kununua, sikiliza. Jina la Fender lenyewe ni ghali, lakini tangu mwaka 1982 kampuni hiyo ina tawi la bei nafuu, Squier, na zipo nakala nyingi za viwanda vingine Kariakoo na hata zinazokuja kwa mitumba. Usitazame rangi. Shika besi kama unayelenga shabaha, tazama shingo kutoka mwilini kuelekea kichwani: iwe imenyooka, na mkunjo mdogo sana wa mbele si tatizo, unarekebishwa kwa chuma cha ndani ya shingo. Bonyeza uzi kila chuma, kimoja kimoja, sikiliza panapokwaruza. Zungusha volyumu zote mbili huku imechomekwa; zikichakarisha ni vumbi, lisikutishe. Tikisa kamba tunduni. Ikikatakata ni waya, fundi atauchomelea. Lakini shingo ikiwa imejikunja kama shuka linalokamuliwa, upande mmoja huku na mwingine kule, usinunue, hata kama muuzaji atapunguza nusu, isipokuwa una shingo nyingine nyumbani ya skrubu nne zenye nafasi ile ile.